Bafta ya Mama na Bawa la Ndege

Hadi leo nikifika Kilimatinde, salamu haziishi kabla mtu hajaniuliza, "Si wewe dada yake yule aliyetengeneza ndege nyumbani?" Ndiyo, ni mimi. Wanauliza huku wanacheka kwa fahari, utadhani aliwapeleka Maka akawarudisha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mama yetu alizikwa na nini.

Ndege yenyewe ilikuja kwenye makasha. Miaka michache baada ya Uhuru, Mzungu mmoja mjenzi wa barabara, ambaye kaka alikuwa akimfanyia kazi za useremala, alirudi kwao akamwachia ndege ya kujiungia mwenyewe: mbao zilizokatwa tayari, waya, magurudumu, kitambaa na makaratasi ya michoro. Injini hakuacha. Kaka akasomba kila kitu kwa mkokoteni wa ng'ombe hadi uani kwetu, akajenga banda, na tangu siku hiyo shamba tukalima mimi na mama.

Injini aliitoa kwenye gari bovu. Ilikuwa nzito kuliko ile iliyotakiwa, basi kwa akili zake akaamua kurefusha mabawa. Mbao za mninga zilikuwepo. Kilichopungua ni kitambaa. Bawa la ndege ile lilivikwa nguo ya pamba, kisha nguo ikapakwa dawa kali yenye kunuka, ikikauka inakaza kama ngoma. Kitambaa cha Mzungu kiliishia kabla ya ncha za mabawa, na duka la ushirika siku hizo lilikuwa na chumvi na majembe. Nguo ikija leo, kesho hukuti hata uzi.

Na mama alikuwa na bafta.

Wanawake wa umri wake, Waislamu wa kwetu, walijiwekea bafta nyeupe ya sanda mapema ili siku ya kufa wasiwatie watoto wao aibu. Mama aliinunua ya kwake kwa pesa za mbegu za nyonyo alizolima kwa mikono yake, akaitia alama ya uzi mwekundu pembeni isije ikachanganywa na ya mtu, akaifungia kwenye sanduku la bati pamoja na pamba na karafuumaiti. Kila mvua zikiisha alinituma niianike.

Mwaka ule niliinua mfuniko nikakuta gunia. Limekunjwa vizuri, ukubwa uleule wa bafta. Kukunja kaka alijua! Nilimfuata bandani.

"Kaka, bafta ya mama iko wapi?"

Hakuinua hata kichwa. "Nitamnunulia nyingine. Kwani anakufa kesho?"

Ule uzi mwekundu nikauona kwenye ncha ya bawa la kushoto, umegandia chini ya dawa.

Nilirudi ndani sijui nimwambie nini mama. Sikupata nafasi ya kumwambia. Jioni alitoka na fimbo yake kwenda kuitazama ndege, kama alivyozoea, maana alikuwa anajisifia kwa wenzake, "Mwanangu atanipandisha mimi kwanza." Alilipapasa bawa taratibu hadi kwenye ncha, kidole kikasimama juu ya ule uzi. Kaka akaanza kutafuta nyundo, na nyundo anayo mkononi.

"Limekaza vizuri, baba," mama akamwambia, akageuka kurudi.

Mimi akaniambia ndani, "Sanduku usilifungue tena mpaka siku yenyewe. Na mwenzio usimseme."

Nisimseme! Mimi niliyelima, niliyechota maji, niliyepika, ndiye wa kufunga mdomo, na mtoto wa kiume ashikwe kama yai. Nilimkasirikia mama pia, sifichi.

Alikufa mvua zilizofuata, kwa homa ya siku chache tu. Njia zimejaa maji, dukani hakuna hata kipande cha shuka. Wanawake wameshamaliza kumwosha, wanaume wamekaa nje wanasubiri, na mimi sina cha kumvika mama yangu. Nilichukua kisu cha jikoni nikaenda bandani.

"Kata," nikamwambia kaka. "Kata, umpe mama nguo yake."

Alikipokea kisu. Akalitazama bawa, machozi yanamtoka. Kisha akanirudishia.

"Haitafaa, dada. Imekula dawa, imekuwa ngozi. Nitaliharibu bure."

Ni kweli, isingefaa. Nilijua hivyo kabla sijatoka jikoni. Nilitaka tu aikate.

Aliyetustiri ni jirani yetu Mkristo. Alifungua sanduku lake la harusi akatoa mashuka mawili meupe aliyotariziwa na mama mkwe wake. "Shika, mwenzangu, ndiyo niliyo nayo." Tukakaa wanawake kuyafumua maua kwa sindano na wembe. Ua moja la pembeni likatushinda, na nje wanaume wameshaanza kukohoa. Mama akaenda nalo.

Na ndege, iliruka? Thubutu! Kiangazi aliisukuma hadi mbugani, watu wakajaa. Ilikimbia, ikatimua vumbi, ikatawanya mbuzi wa watu, ikaishia kwenye kichuguu. Haikuruka hata kimo cha kuku. Watu wakapiga makofi hivyohivyo.

Mwaka huohuo ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Lori lilitushusha porini na vyungu vyetu, na mvua za kwanza zikatukuta hatujaezeka. Kaka alikuja nyuma na mkokoteni, amepakia mabawa, amekataa kabisa kuyaacha. Kila mtu alihangaika na nyasi, na nyasi hazikutosha.

Asubuhi moja nikasikia kitu kinachanika. Nikachungulia. Kaka amepiga magoti juu ya bawa la kushoto, kisu mkononi, anaichana nguo kutoka kwenye mbao. Hakuambiwa na mtu. Hakulia. Alikata vizuri, akaezeka kibanda chake, na lile paa halikuvuja.

Ule upande wenye uzi mwekundu ulining'inia juu ya mlango wake. Siku mvua kubwa iliponyesha aliniona nimesimama uani, akaniita, "Dada, ingia ndani, unalowa!"

Niliutazama ule uzi. Nikabaki palepale nikalowa.