Aliyenikata Vipande Nikabaki Tanga

Habari ya msiba ilinikuta pale habari zote zinaponikuta: kibarazani kwangu Makorora, nimejifunga msuli, kikombe cha kahawa mkononi. Jirani alipita na baiskeli, hakushuka, akasema tu, "Yule dada wa simu wa Ngamiani katutoka. Anazikwa baada ya adhuhuri." Nikasimama. Wanaonijua watakwambia kwamba kunisimamisha mimi asubuhi si jambo dogo.

Wengi walimjua kwa sauti kabla ya sura. Kwa miaka mingi alikuwa opereta wa simu. Ukiitaka Dar es Salaam ulimwomba yeye, naye alikuunganisha au alikusimanga, mara nyingine vyote viwili. Zikaja nyakati za soko huria, mashirika yakapunguza watu, akaambiwa mitambo mipya ina kasi na haina haja na sauti yake. Akarudi nyumbani, akaweka kompyuta kuukuu chumba cha mbele, akaiunganisha na waya wa simu kwa kile kidude kiitwacho modemu, na toka hapo akawa anawatumia watu maandishi yao. Mimi nilikuwa mteja wake sugu, kwa sababu njia nyingine ya kufikisha makala zangu gazetini Dar ilikuwa kupanda basi, na basi na mimi hatupatani.

Asubuhi moja mhariri wangu alinipigia simu pale pale kwake. Alikuwa tayari kunipa ukurasa mzima, lakini alitaka makala pamoja na mchoro wangu nimesimama, vyote vifike Dar kabla ya alasiri. Visipofika, ukurasa anapewa mtu wa huko huko, nami nikiutaka nihamie. Kuhamia Dar! Mimi ambaye nikienda Pangani tu naaga mtaa mzima kama mtu anayekwenda kuhiji.

Mbio nikamleta mchoraji wa mabango ya maduka, akanichora. Dada akauingiza mchoro kwenye kompyuta. Ukawa na uzito wa baiti laki nne na themanini elfu, na diski ikaumeza kabla sijakaa vizuri kitini. Modemu iliandikwa elfu mbili na mia nne kwa sekunde. Nami nina cheti cha kidato cha nne, bwana, sikuhitaji kuulizwa. Nikagawanya, nikapata dakika tatu na ushei, nikamwambia mhariri kwa mbwembwe, "Chai yako haitapoa."

Dada alinitazama nilipoweka simu chini. "Umemwahidi nini mwenzio?"

"Dakika tatu, dada."

"Za saa ya nani? Diski inahesabu baiti, herufi nzima nzima. Simu inahesabu biti, vipande vya herufi. Baiti moja ni biti nane."

"Basi nizidishe kwa nane."

"Hebu tulia. Kutembea hutaki, hesabu unazikimbilia! Herufi haiingii kwenye waya huu hivi hivi. Biti moja inatangulia kupiga hodi, moja inabaki nyuma kuaga. Jumla kumi. Kwa hiyo waya unapitisha herufi mia mbili na arobaini kwa sekunde, bwana mkubwa. Mchoro wako ni zaidi ya nusu saa, na laini hii haijatulia hata robo saa tangu mvua zianze."

Nikaanza kuwaza vyumba vya kupanga vya Dar. "Nimpigie nimwambie imeshindikana."

"Thubutu! Leo nakukata vipande kama papa."

Na kweli akanikata. Makala ilitangulia, ikapita salama. Kisha akaugawa mchoro kuanzia juu, kila kipande kidogo kuliko pumzi ya laini, ili kikikatika kirudiwe hicho peke yake. Kila akimaliza kimoja alipiga simu gazetini: "Kimefika? Kifungue kwanza ukione, ndiyo uniambie." Kichwa kikaenda. Kifua kikakatika mara mbili, akakirudia huku anailaani mvua. Kitambi kikapita, magoti yakapita, halafu laini ikafa kabisa, na muadhini akaanza kuadhini alasiri.

"Miguu yangu, dada!"

"Miguu ya nini? Kwani unakwenda wapi?"

Mhariri alicheka, akachapa alichopata, ukurasa ukabaki wangu. Nyinyi wasomaji wa zamani mliokuwa mkiuliza kwa nini mchoro wa safu hii unaishia magotini, leo mmejua.

Miaka ile kila aliyekuja Tanga alituahidi kasi. Kasi ya simu, ya reli, ya bandari, ya viwanda vikishapata wenyewe wapya. Tukapiga makofi, hakuna aliyeuliza kasi hiyo inahesabiwa kwa kipimo gani na inapimwa upande gani wa waya. Dada yule, aliyeondolewa kazini kwa jina la kasi, hakukaa kulalamika. Aliuliza kipimo, akapiga hesabu upya, akakata kazi kwa ukubwa ambao waya mbovu ungeweza kuubeba. Sikumsikia hata siku moja akisema "nimetuma" akainuka. Alisubiri upande wa pili useme umepokea.

Basi ukitaka kumwahidi mtu, pima kwa kipimo cha yule anayesubiri. Ukigundua umepima vibaya, usimpigie kumwambia imeshindikana. Kata vipande, uanze na cha kwanza, na usinyanyuke kitini mpaka akwambie kimefika.