Mawese Kwenye Klachi

Juzi pale Mbugani nilimwona fundi amelala chini ya landrova kuukuu, miguu tu ikionekana, moyo ukanilipuka.

Nilipokuwa mtoto, kwetu Ipyana, pedali ya klachi ya gari letu ilikuwa imekaza, na grisi ilikuwa imekwisha. Baba alijilaza uvunguni, mama akamimina mawese kwenye pedali kutoka juu, kisha akarudi jikoni. Nilipochungulia, shati la baba lilikuwa limelowa, jekundu tupu, naye kimya. Sasa najua alikuwa akisubiri mafuta yapenye. Siku ile nilipiga yowe: “Baba amekufa!”

Wanawake wa jirani wakaja mbio wakilia, khanga wamezifunga viunoni. Baba akachomoza akinuka mawese, macho yamemtoka.

“Jamani, nani amekufa?”

Kabla hajajibiwa, naye akaanza kulia.