Fumbo la gazeti lilivyonifungua macho kuhusu dada yangu

Wakuu, habari za huko mliko. Hii ni kweli tupu. Palipozidi chumvi mtapaonja wenyewe.

Mimi nilimaliza shule ya jioni juzi juzi, na tangu nipate cheti naongea kama spika wa bunge. Gazeti la upande wa Kenya likivuka mpaka hadi Busia huku Uganda, fumbo la maneno ni langu, tena kwa kalamu ya wino. Penseli ni ya waoga.

Basi mama akalazwa. Wodi za huku mgonjwa lazima awe na mtu wake wa kumwogesha, kumpikia na kumgeuza. Kazi ikamwangukia dada Athieno, eti kwa sababu hana mume, na sisi wanaume tuko busy.

Wiki tatu analala kwenye mkeka.

Mimi naenda Jumapili na soda, nakaa saa moja, narudi nyumbani Paya nikijiona mtoto mwema kuliko wote Tororo nzima.

Jumapili moja nikaenda na gazeti. Mama amelala, nikaanza kumsomea dada.

Mfalme wa porini, herufi tano. Dada akatikisa kichwa, hajui. Jamani, simba! Hata mtoto wa nursery anajua.

Aliyechoka kabisa, herufi tatu. Hapo mimi na cheti changu tukakwama.

"Hoi," akasema dada, macho amefumba.

Aliye katika hali mbaya, herufi saba. "Taabani."

Mwisho wa jambo, sita. "Tamati."

Nikacheka. Nikamuuliza mbona simba amemshinda na haya anayamwaga kama mahindi kutoka guniani.

"Profesa, hayo ndiyo nawaza nikimgeuza mama. Jana nilianguka na beseni hapo mlangoni. Sikuwapigia, si mko busy?"

Wakuu, nilitamani sakafu inimeze na soda yangu.

Nikamwambia aende nyumbani, nabaki mimi. Akakataa, akasema nitamvunja mama. Nikamwomba anifundishe. Mkono mmoja chini ya bega, mwingine kiunoni, na usivute shuka. Kuogesha, kwetu mtoto wa kiume haruhusiwi, kwa hiyo nikampigia mke wangu, akaja.

Siku mbili tu, nikazeeka miaka arobaini. Mgongo ulikuwa unalia kama mlango wa ghala.

Jumanne dada akarudi. Anasema alilala mpaka majirani wakaja kugonga wakidhani amekufa. Hakunisalimu. Alikagua kwanza mgongo wa mama kama una vidonda, akafunika shuka, akasema, "Umejaribu."

Sasa tuna zamu, kaka zangu wote wawili ndani, walalamike wasilalamike.

Nilichojifunza ni kwamba yule anayebeba mzigo bila kelele hatakuita. Nenda mwenyewe, na usiende na soda peke yake.

Na ninyi wenye wagonjwa, kwenu nani yuko kwenye mkeka? Mmemuuliza lini kama amelala? Semeni hapa, matusi pia napokea, nimeyastahili.