Mzizi Uliokwenda Juu

Shangazi yangu hakai kitako. Viti anavyo, vinne vizima na kimoja cha kuwekea nguo zinazosubiri pasi, lakini yeye na viti ni watu wa kupungiana mkono tu. Chai anainywa akizunguka sebuleni. Simu anaipokea akisimama, kana kwamba aliyepiga kaingia mlangoni. Ukimkuta ameketi, ujue anafunga kamba za viatu.

"We binti, hebu keti, unanipa kizunguzungu," bibi humwambia. Bibi ndiye mama yake, na humwita binti ingawa binti mwenyewe ana mvi.

"Nakuja, mama."

"Unakuja wapi, na uko hapa hapa?"

Kazi ya shangazi ni kuandika vitabu vya shule. Kwa miaka mingi aliandika vile vya kujaza nafasi. Jua huchomoza nukta nukta nukta. Maji hupatikana nukta nukta nukta. Vitabu ambavyo mtoto akivimaliza anakuwa amejifunza jambo moja tu, kwamba vimekwisha. Aliniambia siku moja kuwa akifumba macho huziona zile nukta zikitembea kama siafu.

Kwa hiyo alimganda mkurugenzi wake, amruhusu aandike kitabu cha mtoto kujaribu mambo kwa mikono yake. Alimganda kwenye ngazi, alimganda kwenye kikao, na inasemekana alimganda hata kwenye foleni ya benki, mpaka yule bwana akakubali ili apumue. Shangazi akapewa kitabu kimoja, kikajaribiwe shule moja, darasa la tatu. Mwalimu mkuu akiridhika, vitabu vingine vitafuata. Asiporidhika, mama arudi kwenye nukta zake na neno hilo lisisikike tena ofisini.

Kitabu kiliitwa "Shika Mwenyewe", na shangazi alikiwekea sharti gumu. Hakuna kitu kingeingia humo kama hakijajaribiwa nyumbani kwake. Dirisha la jikoni likajaa chupa za mbegu. Kwenye beseni kukawa na mashua za karatasi zilizozama kwa sababu mbalimbali. Bibi alikuwa akilalamika kwamba katika nyumba hii ukitafuta glasi ya maji gizani unakunywa mzizi. Watoto wa majirani waligeuka wakaguzi. Walikuja asubuhi kabla ya shule, wanachungulia chupa, wanabishana, wanaondoka na matope ya shangazi kwenye soksi zilizofuliwa na mama zao.

Basi na kosa likatokea kwenye haragwe.

Ofisi yao ni vyumba viwili juu ya duka la fundi nguo. Ukikanyaga sakafu unazisikia cherehani kwenye nyayo. Mule ndani meza kubwa ni moja, na shangazi anaigawana na mpangaji wa kurasa, kijana mrefu, mkimya, wanayemwita Rula. Rula hawezi kupita karibu na picha ukutani bila kuinyoosha. Mstari ukizidi mwenzake kwa unywele, hapati usingizi. Ila ni mtu wa mjini kabisa. Haragwe analijua likiwa kwenye sahani.

Mchoraji alileta mchoro mzuri wa haragwe lililoota, mzizi umetoka na kushuka chini kama mkia. Mkia ule ukagusa maandishi ya chini yake. Rula akaumia rohoni. Juu ya picha kulikuwa na nafasi nyeupe imekaa bure, kwa hiyo akaligeuza haragwe, mkia ukaangalia juu, ukapata pa kukaa. Kisha akaandika pembeni, kwa herufi zake safi: "mzizi". Ukurasa ukapendeza mno.

Utasema, na shangazi je, yeye si ndiye aliyeyaotesha maharagwe hayo? Sasa hapa ndipo penye ugonjwa wa watu wa kazi hii. Ukisoma maneno yako mwenyewe mara nyingi, jicho linakimbia. Linaona unachojua, haliangalii kilichopo. Kwa hiyo nakala ya mwisho shangazi huisahihisha ikiwa kichwa chini. Rula anaiweka mbele yake mwenyewe, shangazi anasimama ng'ambo ya meza, anasoma neno moja moja kutoka mwisho kwenda mwanzo, kama mtu anayehesabu meno ya mbuzi. Kwa njia hiyo amenasa makosa ambayo watu watatu waliyapita. Siku ile pia aliyanasa, mawili ya herufi. Halafu akaliangalia haragwe, ambalo kwake yeye, kichwa chini, mzizi wake ulikuwa umeshuka vizuri kabisa. Akaweka alama ya sawa.

Watu wawili, karatasi moja, kila mmoja upande wake. Kitabu kikachapwa.

Simu ya mwalimu mkuu ilipoingia, shangazi alikuwa ofisini, anakula akiwa amesimama dirishani.

"Mama, kitabu chako kimeniletea vita darasani," mwalimu alisema. Shule ile ina upungufu wa walimu, kwa hiyo sayansi ya darasa la tatu alikuwa anafundisha mwenyewe.

"Vita gani, mwalimu?"

"Maharagwe. Wamepanda, yameota, nikawaambia wachore. Wote wamechora mzizi unakwenda chini. Nikaangalia kitabu, mzizi uko juu. Nikawapiga mikasi myekundu ya kukosa, darasa zima. Kitabu kimesema, mimi ni nani? Sasa wazazi wananiletea chupa ofisini. Chupa, mama. Ziko kumi na kitu juu ya meza yangu, na zote zinanicheka."

Shangazi alichukua kitabu kwenye rafu, akakifungua. Rula anasema hakuwahi kumwona mtu akitulia vile. Hadithi hii nimeipata kwa wote wawili, na pale walipotofautiana nimemwamini Rula, kwa sababu hana ubunifu.

"Kesho nafunga vitabu vyenu kwenye maboksi," mwalimu akamalizia. "Njooni mvichukue."

Mkurugenzi aliwaita wote wawili. Rula alianza kuomba radhi kabla hajaketi, akaomba radhi kwa haragwe, kwa mkia, kwa nafasi nyeupe, mpaka mkurugenzi akamnyamazisha.

"Sikilizeni. Hili ni jambo dogo," alisema. "Mwambieni tulifanya makusudi."

"Makusudi?" shangazi akauliza.

"Ndiyo. Mtego wa kitaalamu. Tuliweka picha ya uongo ili watoto waamshe akili, wasiamini kila kinachoandikwa. Si ndiyo falsafa yako hiyo? Mwalimu atajiona alikuwa sehemu ya mpango, watoto watajiona mashujaa, na wewe unabaki na vitabu vyako. Au unataka kurudi kwenye nafasi za kujaza?"

Ubaya wa uongo ule ni kwamba ulikuwa mzuri. Ulimkaa kama nguo iliyopimwa.

Kesho yake waliondoka na gari la ofisi, Rula akiendesha kwa mwendo wa mtu anayeogopa kufika. Shangazi alikuwa anafungua dirisha, anafunga, anafungua.

"Tuliweka mtego wa kitaalamu," alisema kwa sauti.

Rula akamtazama. "Unaniambia mimi?"

"Najaribu. Inasikikaje?"

"Inasikika kama kweli."

"Hapo ndipo tabu."

"Dada, mimi kosa ni langu. Sema ni mimi. Sema mpangaji wetu hajawahi kuona shamba."

"Na aliyeweka alama ya sawa, yeye ameona mashamba mangapi?"

Dirisha likafunguliwa, likafungwa.

Shuleni waliyakuta maboksi matatu yameshapangwa kwenye veranda, matupu, midomo wazi. Mwalimu mkuu, mtu mnene wa suti iliyochoka mabegani, aliwasalimia kwa heshima baridi. Alisema vitabu viko mikononi mwa watoto, atavikusanya sasa hivi mbele yao, lakini kwanza mama aingie awaeleze watoto mwenyewe, kwa sababu yeye ameishiwa maneno.

Shangazi akaingia. Watoto wakasimama, wakasalimia kwa ule wimbo wao mrefu, wakaketi. Ukutani kulikuwa na chati ya mwili wa binadamu iliyokatika miguu. Madirishani, chupa. Nyingine walikuwa wamezigeuza kichwa chini na kuzifunga kwa kamba, ili kuona kama haragwe litakubaliana na kitabu. Haragwe lilikuwa limepinda mzizi wake kona kali na kurudi chini, kwa ukaidi.

"Mimi ndiye niliyeandika kitabu hiki," shangazi alianza, akitembea mbele ya ubao. "Na lile haragwe la kwenye picha..."

Msichana mmoja wa dawati la mbele alikuwa amefungua daftari lake. Alikuwa mdogo wa umbo, kalamu nyuma ya sikio kama seremala. Kwenye ukurasa alikuwa amechora mzizi kwenda chini. Juu yake kulikuwa na mkasi mwekundu. Kisha kulikuwa na alama za kufutwa, amefuta mpaka karatasi imetoboka, na pembeni ya tundu amechora mzizi mwingine, mwembamba, unakwenda juu. Huo ulikuwa na vema.

Shangazi alisimama hapo. Mwalimu mkuu akakohoa.

"Wewe ulipanda la kwako?" msichana akamuuliza.

"Nilipanda."

"Mzizi ulikwenda wapi?"

Rula, aliyekuwa mlangoni, anasema aliuona ule mtego wa kitaalamu ukipanda hadi kooni mwa shangazi, ukasimama hapo, ukatafuta njia.

"Ulikwenda chini," shangazi akasema. "Picha tumeikosea. Mwenzangu aliigeuza ili ukurasa upendeze, mimi nikaisahihisha huku ukurasa uko kichwa chini mbele yangu, nikaona iko sawa. Ninyi mlichora mlichokiona. Mlikuwa sahihi tangu mwanzo."

Mwalimu mkuu alikuwa anaangalia sakafu. Kisha mvulana wa nyuma akasema, kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, "Basi turudishiwe vema zetu." Wenzake wakaguna kumuunga mkono, na mwalimu, niambiwavyo, akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akaitazama kama mtu aliyekuta kijiko cha jirani nyumbani kwake, akairudisha.

"Mtarudishiwa," alisema. "Nitayasahihisha upya madaftari yote. Sasa leteni vitabu mbele."

Hakuna aliyesogea.

"Na pengine mmekosea wapi?" msichana yule akauliza.

"Pengine?"

"Humu ndani."

"Sijui," shangazi akasema. Hilo ndilo lililomtoa jasho, kwa sababu hakujua kweli. Kila ukurasa aliouwekea alama ya sawa ulikuwa umeanza kumgeuka kichwani, mmoja baada ya mwingine. Kivuli. Sumaku. Mashua. "Ningekuwa najua ningerekebisha."

Kurasa zikaanza kufunuliwa. Mwanzo mmoja mmoja, halafu darasa zima, mfululizo, kama mvua ikianza kwenye bati. Watoto wawili walitaka kwenda nje kupima kivuli cha mlingoti. Mwingine akadai picha ya sumaku ina misumari saba na maneno yanasema sita. Walihesabu. Ilikuwa saba. Wakamgeukia shangazi kwa macho ya polisi.

"Hilo ni la pili," msichana akasema.

"Leteni vitabu," mwalimu mkuu akarudia.

"Bado, mwalimu," akajibiwa kutoka pande nne. "Hatujamaliza."

Alipita kwenye safu ya kwanza akiwa amenyoosha mkono. Mtoto wa kwanza akakalia kitabu chake. Wa pili akamwomba dakika moja tu. Mwalimu alifika nyuma ya darasa na mkono mtupu, akasimama pale pale, na akajikuta anachungulia begani kwa mvulana fulani. "Hebu rudisha nyuma," alimwambia. "Ile ya mvuke. Ile nayo siielewi."

Simu ya shangazi ikalia. Ni mkurugenzi. Akatoka nayo verandani, akazunguka maboksi.

"Umewaambia makusudi?"

"Nimewaambia tumekosea."

"Na vitabu?"

"Wanavyo watoto. Wanatafuta makosa mengine."

"Wamepata?"

"Mpaka sasa mawili."

Alichosema mkurugenzi baada ya hapo shangazi hajanisimulia, na Rula alikuwa mbali. Ninachojua ni kwamba mwalimu mkuu alitoka, akamnyooshea mkono, akapewa simu. "Bwana mkurugenzi," alisema, "vitabu vyako siwezi kuvirudisha kwa sasa. Vinatumika." Akairudisha simu bila kusubiri jibu, akayapiga teke maboksi yakasogea ukutani, akaingia darasani.

Rula alitaka kucheka. Alimwona shangazi hachoki kuzunguka, akaacha.

"Dada, tumepona."

"Misumari saba," shangazi alisema. "Niliihesabu. Naapa niliihesabu."

Walipofika langoni, mkabala na duka lenye kibao cha soda na barafu, msichana wa kalamu ya sikio akawafuata mbio, kitabu kimefunguliwa kwenye ukurasa wa barafu. Ule unaosema, weka maji kwenye friji, kesho uone yameongezeka au yamepungua.

"Hapa hamjakosea," alisema, akihema. "Ila kwetu hakuna friji. Na kwa jirani hakuna. Kitabu kinasema nishike mwenyewe. Nashikaje?"

Shangazi akamtazama, akautazama ukurasa. Jaribio lile alikuwa amelifanya jikoni kwake, mara tatu, na watoto wa majirani wakishuhudia, na kila mmoja wao kwao kuna friji.

"Sijui bado," akamwambia. "Nipe hiyo."

Wakaingia kwenye gari. Kitabu cha msichana kilikuwa mapajani mwa shangazi, na msichana mwenyewe bado ameshika mlango, kwa sababu alichosema ni nashikaje, hakusema chukua.

"Rula, shuka," shangazi akasema. "Hatuondoki. Twende tukaulize pale dukani barafu wanaitoa wapi."