Baiskeli Iliyokaza Alhamisi

Nikikaribia karakana ya kuchomelea mageti, navuka barabara. Wenzangu hudhani naogopa cheche. Siogopi cheche, ni harufu. Chuma kikiungua narudi kijijini kwetu Tlawi nikiwa na miaka kumi na moja, viganja vyangu viwili viko mgongoni kwa mama yangu, namzuia asidondoke.

Harufu hiyo ni ya baiskeli ya baba. Friweli yake ilikuwa imekufa, kile kidude cha gurudumu la nyuma kinachokuwezesha kutuliza miguu huku baiskeli inateremka. Baba hakutafuta nyingine. Aliipeleka ikachomelewa, gurudumu na meno yake vikawa kitu kimoja, nami nilisimama pale nikiinusa kazi yote. Tangu siku hiyo, gurudumu likizunguka pedeli nazo zilizunguka, upende usipende. Vijana walimcheka kwamba anakanyaga hata kwenye mteremko kama fundi cherehani. Yeye aliona ameshinda. Breki zilikuwa zimekwisha zamani, na sasa kwenye milima yetu alipunguza mwendo kwa kukaza miguu tu. Aliisifu baiskeli hiyo hadi tukachoka kumsikiliza.

Mama alikuwa anaumwa figo. Kila Alhamisi alitakiwa kliniki mjini Mbulu. Bodaboda alipanda mara moja, akatapika njia nzima, akaapa hatapanda tena. Basi akawa anakaa kwenye keria ya baba, miguu upande mmoja, juu ya blanketi lililokunjwa mara nne. Mimi nilifuata nyuma nimemshika. Kwenye kilima baba alisukuma, kwenye mteremko alikanyaga taratibu ili nisiachwe. Alhamisi sikwenda shule, na niwaambie ukweli wangu, mwanzoni nilifurahi.

Siku ya kwanza ya baiskeli kukaza ilitukuta kwenye mteremko wa mikaratusi. Gurudumu la nyuma lilikaza ghafla, pedeli zikagoma, baba akakita mguu kwenye changarawe na mama akanilalia kifuani. Tulimshusha. Tulimtandikia khanga kwenye majani, tukamkalisha, nikamfunika miguu. Baada ya hapo ndipo baba alipoipindua baiskeli na kulisukuma gurudumu kwa kidole. Likazunguka vizuri, halina hata mkwaruzo.

"Mbona nzima?" akasema.

Akakaza cheni, tukampandisha mama, tukaenda. Tulipokuwa tunarudi, ikakaza tena.

Ijumaa ilikuwa nzima. Jumapili baba aliiendesha kanisani na kurudi, nzima. Magunia yetu yalibebwa na punda, kwa hiyo siku nyingine baiskeli haikubeba kitu zaidi ya baba mwenyewe na jembe. Alhamisi iliyofuata ikakaza mara tatu. Baba aling'oa madigadi, akidhani inagusa tairi. Akapiga tupa pale palipochomelewa, akidhani kuna donge la chuma linaloikwamisha cheni. Akanikalisha mimi kwenye keria tukazunguka uwanja wa shule mpaka kichwa kikaniuma, na haikukaza. Kwa kilo zangu zile hata kuku angekuwa kipimo kizuri zaidi.

Mjini alikuwapo fundi Athumani, mzee mpole mwenye kibanda karibu na soko. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye gurudumu letu. Alimwaga gololi zote kwenye kopo la mafuta ya taa, akazihesabu, akazirudisha na grisi mpya. Akaipanda mwenyewe, akazunguka soko, akarudi anatabasamu.

"Mzee, hii haina tatizo. Labda barabara yenu."

Barabara yetu! Baba alimshukuru kwa heshima, akatukana njia nzima kwa sauti ya chini, na yeye alikuwa mzee wa kanisa.

Mama alizidi kuvimba miguu, akazidi kuwa mzito, na baiskeli ikazidi kukaza. Alhamisi moja iligoma palepale kwenye mikaratusi. Ilikuwa siku ya mnada, watu wanapita na mbuzi wao. Tukaanza kumshusha kama kawaida, naye akaishika keria kwa mikono yote miwili.

"Baba Eliza, leo niacheni hapahapa. Nikishuka sitaweza kupanda tena. Itazame mimi nikiwa juu."

Baba alitazama watu. Lazima mwelewe kwetu ilivyokuwa. Mgonjwa hukalishwa vizuri kwanza, mengine baadaye. Na mwanamume mzima, mzee wa kanisa, apige magoti njiani achungulie chini ya gauni la mke wake, watu wa mnada wakimwona? Hata mimi niliona aibu kwa kulifikiria tu.

"Watu wanapita, Mama Eliza," alisema kwa upole, akaanza kumbandua vidole kimoja kimoja. Mimi ndiye niliyetandika khanga.

Baba akapindua baiskeli. Nzima.

Usiku ule mama hakulaumu mtu. Asubuhi alisema baiskeli haina ubaya, ni yeye ndiye mzigo, na angepumzika nyumbani mpaka miguu ipungue. Miguu haikupungua. Alhamisi ya kwanza ikapita, ya pili mvua ilinyesha mchana kutwa, ya tatu baba alijaribu kumbembeleza na mama akageukia ukutani. Tulimzika shambani, upande wa maharage.

Majuma machache baadaye unga uliisha na punda wetu alikuwa ameazimwa na jirani. Baba alifunga gunia la mahindi kwenye keria, tukaelekea mashineni, mimi nyuma nimelishika gunia. Kwenye mikaratusi gurudumu likakaza.

Gunia hakulishusha. Alikuwa amechoka kiasi kwamba alisimama tu, halafu akachuchumaa palepale mzigo ukiwa juu, akatazama. Gurudumu lilikuwa limelala upande, tairi limeuma chuma cha fremu. Akaingiza bega chini ya gunia, akaliinua kidogo. Gurudumu likasimama wima. Akaliachia gunia, gurudumu likalala. Akainua tena, akaachia tena. Sijui alirudia mara ngapi.

"Ni ekseli," alisema. "Ina ufa. Inapinda ikibeba."

Ndicho kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu. Fundi Athumani alikibadilisha kabla chai yake haijapoa, akatuonyesha ufa wenyewe, mwembamba, umejificha kwenye nyuzi za nati. Baiskeli haikukaza tena kamwe. Baba aliiendesha miaka mingi, na sikumsikia akiisifu.

Siku ile ya gunia nililia kwa sababu nilimwona baba akilia. Niliyoyaelewa yalikuja baadaye, nilipokuwa nauguza watu wangu mwenyewe. Tulimpenda mama, tukamheshimu mbele za watu, na kila mara tulipomshusha, ekseli ilinyooka na ubovu ukajificha. Alituomba mara moja tu tumwache amekaa. Nami nikatandika khanga, nikaipapasa isiwe na mkunjo.