Milia Juu ya Uso wa Aleykutty

Mume wangu Pailey hupiga video za mazishi. Harusi aliziacha zamani. Anasema maharusi hawatulii, ilhali maiti hubaki pale alipowekwa. Vijana wetu wa huku kilimani karibu wote wako Kuwait na Doha, kwa hiyo hakuna anayezikwa bila kamera. Mimi ndiye ninayekaa na skrini chini ya turubai, nihakikishe walio mbali wanaona.

Kuiachia kamera ijipangie mwanga, Pailey hataki hata kusikia. Sari nyeupe, miavuli myeusi, kamera inachanganyikiwa na marehemu anatoka mweusi kama kaa la moto lililozimwa. Yeye huilenga kwenye paji la uso la marehemu, akazungusha pete ya lenzi mpaka milia kama ya pundamilia, alama ya kamera kwamba mwanga umefika kiwango, itokee hapo. Milia hiyo tunaiona sisi tu, kwenye kamera na kwenye skrini yangu. Kwenye video haiingii. Ikishakaa, hagusi tena. Uso wa maiti haubadiliki, husema.

Asubuhi ya mazishi ya Aleykutty, mjane mwenye shamba la mpira jirani yetu, umeme ulikuwa unakatika kila mara. Daktari mmoja mzee alikuwa ameshasema bibi amekwisha, na saa ile bibi alikuwa uani ndani ya jokofu la maiti la kukodi, lenye kifuniko cha kioo. Wanawake waliimba polepole. Bintiye alitazama kwa simu kutoka Kuwait, maana kazini walimnyima ruhusa.

Nikaona milia kwenye kioo, juu ya mdomo wake. Ikatoweka. Nikahesabu hadi tisa, ikarudi.

Turubai halikupepea. Nilizima taa yetu, ikaja vilevile. Sioni aibu kusema niliogopa.

Pailey naye alikuwa ameiona, mkono uko kwenye pete. Nilijua anachotaka kufanya. Mwaka juzi, tulipomzika mama yake, milia ilichezacheza hivyo hivyo kwenye kioo. Alisema ni ukungu wa joto la watu, akapunguza mwanga kidogo, picha ikawa safi.

"Ichaya," nikamwita mume wangu, "hiyo pete usiiguse."

Akaondoa mkono kwenye pete. Kisha akamwendea Thommi, mtoto mkubwa wa Aleykutty, akamwomba afungue jokofu. Thommi alimjia juu. Alisema fundi wa picha ajishughulishe na picha. Je, amfunue mama yake kabla padri hajafika, watu wote wakikodoa macho?

"Njoo kwanza uhesabu na mimi, kaka," Pailey akasema. "Ukiona nimekosea, nifukuze."

Thommi aliinama kwenye skrini yangu. Nyimbo zikakatika. Tulipofika tisa, milia ikaja. Akahesabu tena peke yake, na ilipokuja mara ya pili aliruka mishumaa akaking'oa kile kifuniko kwa mikono. Aleykutty alikuwa baridi kama samaki wa sokoni, lakini alipomwekea sikio mdomoni, Thommi alianza kulia kama mtoto. Kule Kuwait bintiye alipiga kelele mpaka simu ikakwaruza.

Bibi yupo mpaka leo. Anakunywa chai yake ya rangi na kulalamika kwamba kwenye video ile mashavu yake yamenona.

Watu walimsifu Pailey kila kona. Siku hiyo hakugusa mihogo wala samaki. Alitoa video ya mazishi ya mama yake, na tangu hapo kila alasiri anaitazama. Milia haimo, bila shaka. Juu ya mdomo wa mama mkwe wangu kuna weupe kidogo kwenye kioo, pengine pumzi, pengine mwavuli wa mtu. Halafu picha inapungua mwanga, na weupe ule hauonekani tena. Hapo ndipo alipozungusha pete. Anairudisha video nyuma.

"Wewe ulikuwa kwenye skrini," aliniuliza jana. "Siku ile ya mama, ulihesabu?"

Nikamwambia sikuhesabu, nikaingia jikoni kuchemsha maji.

Nilihesabu. Mara ya kwanza nilifika kumi na moja milia ikarudi, ya pili kumi na nne, na ya tatu nilikuwa bado nahesabu alipozungusha pete.