Kadi Iliyofuta Vipimo vya Watu 214

Saa tatu asubuhi. Fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamwita Mama Futi amesimama mlangoni mwa chumba chake cha kushonea, pini mdomoni. Anampima mteja, anaandika daftarini, kisha analipiga daftari picha kwa simu. Mara mbili.

"Sifanyi tena mchezo na hivi vidude," anasema.

Miezi mitano iliyopita mkwe wake, mume wa binti yake mkubwa, alimnunulia simu mpya ya kampuni nyingine. Vipimo vya wateja 214, kazi ya miaka sita, vilikuwa kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu ya zamani. Mama Futi akaichomoa kadi, akatafuta pa kuichomeka kwenye simu mpya.

"Niliigeuza ile simu kama natafuta kupe kwa mbwa. Tundu hakuna! Nampigia mkwe, ananiambia, 'Mama, hizo hazina sehemu ya kadi. Huo ni mfumo mwingine.' Mfumo? Mimi nilijua simu ni simu."

Mbio hadi steshenari ya jirani. Kadi ikaingizwa kwenye kompyuta, nayo ikauliza: iiandae kadi upya ili itumike? Jirani alikuwa akimhudumia mtu. Mama Futi akabonyeza ndiyo.

Kadi ikafunguka tupu; kumbe kuiandaa upya ni kufuta vyote vilivyomo. Hakuna hata jina moja.

"Nilikaa palepale sakafuni."

Kesho yake fundi simu akamwambia jambo lililomduwaza zaidi. Simu ya zamani iliiandika kadi kwa namna inayosomeka humo tu, ndiyo maana kompyuta haikuielewa. Angeirudisha humo kabla ya kubonyeza ndiyo, angekuta kila kitu. Na simu hiyo ya zamani ilikuwa kwenye droo ya cherehani, nzima, ina chaji.

"Kumbe kila mfumo una tabia zake, kama mawifi!"

Ilibidi awapigie wateja mmoja mmoja warudi kupimwa. Sitini na mmoja hawakurudi. Bibi harusi mmoja, zikiwa zimebaki siku kumi, alipiga ukelele: "Fundi! Yaani kiuno changu umekifuta?"

Siku hizi kila Jumanne mchana anafunga kazi na kwenda darasa la kompyuta la wanaoanza. Wiki iliyopita alihamisha picha kutoka simuni hadi kwenye kompyuta, akazikuta. Akashangilia hadi darasa zima likageuka.

Mafundi wenzake wanane wamekubali awafundishe.

"Nitawakalisha wabonyeze wenyewe," anasema. "Mimi nitasimama nyuma yao. Mtu akinyoosha kidole bila kusoma, naushika mkono."